Somo: Kufundishia video fupi na simulesheni, hata kama kifaa ni kimoja tu

Habari zenu walimu. Wengi mmeniomba niandike hatua kwa hatua jinsi ninavyotumia video na simulesheni darasani, yaani majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta ambayo unaweza kuyabadilisha mwenyewe. Naomba msome mpaka mwisho kabla ya kuanza kupakua chochote, maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kifaa kikiwa bado kimezimwa.

Nilipoanza kutumia projekta niliwahi kuonyesha video ya dakika 22 kuhusu umeme. Darasa lilitulia tuli, nikaamini limeelewa. Kesho yake nikaandika maswali matatu ubaoni, na walionyoosha mikono walikuwa walewale wanaonyoosha siku zote. Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kweli. Nilipokaa kufikiri niligundua kwamba sikuwa nimewauliza kitu chochote kabla ya kuwasha projekta. Walikuwa wametazama tu. Utaratibu ninaouandika hapa ulianzia siku hiyo.

Hatua ya 1: Tafuta pale darasa linapokwama

Usianze na programu. Anza na madaftari. Chukua mazoezi ya wiki iliyopita, tafuta kosa moja ambalo wengi wamelirudia, kisha uliandike kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe. Kwangu mimi, kwenye mada ya umeme, kosa hilo huwa hivi: "Balbu ya kwanza inakula umeme, ya pili inapata uliobaki." Sentensi hiyo ndiyo andalio langu la somo. Kila nitakachoonyesha kitakuwa kinaijibu, na kisichoijibu nitakiacha hata kama kinapendeza.

Hatua ya 2: Chagua kifaa kinacholingana na kosa

Kama shida ni kitu kinachotokea haraka mno au polepole mno kwa jicho, mfano mbegu kuota au moyo kupiga, tafuta video. Kama shida ni kitu kinachobadilika unapobadilisha kingine, tafuta simulesheni. Kwa matamshi na usikivu wa lugha, sauti peke yake inatosha. Na kama mchoro wa ubaoni unamaliza kazi, chora ubaoni, usihangaike na nyaya.

Kwa sayansi mimi hutumia sana simulesheni za PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado. Ni za bure, unaweza kuzipakua ukazitumia bila intaneti, na nyingi zimetafsiriwa kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Kwa hisabati kuna programu ya GeoGebra, hasa kwa grafu na jiometri. Kwa shule isiyo na intaneti ya uhakika, programu ya Kiwix hukuwezesha kubeba Wikipedia nzima ndani ya kompyuta. Programu ya Kolibri nayo hufanya kompyuta ya mwalimu iwe kama maktaba: wanafunzi huunganisha vifaa vyao nayo kwa Wi-Fi ya humo humo darasani na kusoma bila kutumia bando.

Pakua kila kitu siku moja kabla, kisha kijaribu kifaa kikiwa kimezimwa intaneti. Usiruke jambo hili.

Hatua ya 3: Kata

Dakika tatu au nne zinatosha. Kwenye video ya dakika 15 tafuta kipande kinachogusa kosa uliloandika, andika dakika kinapoanza na kinapoishia, na uonyeshe hicho tu. Mimi hutumia VLC, programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta. Kitufe cha nafasi kinasimamisha, na kitufe cha E kinasogeza picha moja baada ya nyingine, kwa hiyo unaweza kuganda pale pale tone linapogusa maji.

Hatua ya 4: Watabiri kwanza, kwa kalamu

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nachora ubaoni betri moja na balbu mbili zinazofanana, A na B, zikiwa kwenye mfuatano, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja ya waya. Nauliza: ipi itawaka zaidi? Moja ni A, mbili ni B, tatu zitawaka sawa. Kila mmoja anaandika jibu kwenye daftari, na chini yake sentensi moja ya sababu. Sababu ndiyo ninayoitaka zaidi, kwa kuwa mtu anaweza kubahatisha namba lakini hawezi kubahatisha sababu.

Kisha nahesabu hadi tatu na kila mmoja anaonyesha vidole vyake akiwa ameviweka kifuani, ili jirani asimwone. Natembeza macho haraka na kuhesabu. Hapa nafuata utaratibu wa Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyeanza kufundisha kwa njia hii mwaka 1991. Waliopata wakiwa takriban kati ya asilimia 30 na 70, wape dakika mbili kila mmoja amshawishi jirani yake, halafu piga kura tena. Kwa darasa la wanafunzi 60 hiyo ni kati ya watu 18 na 42. Wakiwa chini ya hapo, rudi ufafanue swali au wazo lenyewe, maana mjadala utakuwa wa vipofu kuongozana. Wakizidi, endelea mbele.

Mpaka hapo kompyuta bado imefunikwa. Lakini kila mtu darasani sasa ana upande, na anataka kujua kama yuko sahihi.

Hatua ya 5: Onyesha, simamisha, nyamaza

Nawasha simulesheni: betri ya volti 9, balbu mbili za omu 10 kila moja. Swichi ikifungwa, vidoti vya buluu vinaanza kusogea kote kwa wakati mmoja, na balbu zote mbili zinawaka sawa. Nasimamisha. Sisemi neno. Minong'ono inaanza yenyewe.

Baada ya hapo naweka ammita, yaani kipima mkondo, kabla ya balbu A: ampea 0.45. Kati ya A na B: 0.45. Baada ya B: 0.45. Kila ninapoisogeza namwita mwanafunzi mmoja aje asome namba kwa sauti. Kwenye kipindi kimoja msichana aliyesoma ile namba ya tatu hakurudi kukaa. Alibaki amesimama akiitazama, akauliza: "Mwalimu, kama umeme hauliwi, betri inaishaje?"

Swali hilo lilitubeba kipindi kizima kilichobaki. Kinachotumika ni nishati, mkondo wenyewe unazunguka tu. Nilikuwa nimefundisha mada hiyo miaka kadhaa na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, kwa sababu sikuwa nimewapa nafasi ya kukosea kwanza.

Angalizo kwa wanaofundisha mada hii: vidoti hivyo ni elektroni, na zinatoka upande hasi kwenda chanya. Kama kitabu chenu kinachora mkondo kutoka chanya kwenda hasi, nenda kwenye mipangilio ubadilishe mwonekano, la sivyo utaongeza mkanganyiko mpya juu ya ule wa zamani.

Hatua ya 6: Uliza tena kifaa kikiwa kimezimwa

Zima. Funga madaftari. Karatasi tupu, dakika tano: chora sakiti, andika namba tatu za ammita, eleza kwa nini zinalingana. Urudie swali hilo hilo, ukibadilisha betri au idadi ya balbu, baada ya siku tatu na tena baada ya wiki. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanaosoma tena na tena hukumbuka zaidi ukiwapima baada ya dakika tano, lakini ukiwapima baada ya wiki, waliokuwa wakijijaribu bila kitabu ndio wanaokumbuka zaidi. Ndiyo maana mwanafunzi anatoka kwenye video akijiona ameelewa, na mtihani unamkuta mikono mitupu.

Unaweza kutengeneza jaribio hilo kwa Google Forms kama wote wana vifaa. Kama hawana, karatasi inafanya kazi hiyo vizuri kabisa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante mwalimu kwa somo. Mimi nina wanafunzi 70 na simu yangu tu, projekta hakuna. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, usiizungushe simu mezani kwa mezani huku wengine wamekaa bure, kipindi kitakuponyoka. Hatua ya 4 ifanye na darasa zima, haihitaji kifaa. Kisha gawa makundi saba ya watu kumi. Kila kundi linakuja mbele kwa dakika tatu, jumla dakika 21, na waliobaki wanafanya zoezi la kuchora kwenye karatasi. Wanaotoka mbele wasiwaambie wenzao walichoona, waandike tu. Mwishoni unazima simu na mnajadili wote. Mwangaza wa skrini uweke juu kabisa, na simu iegemeze kwenye kitu imara mahali penye kivuli.

Swali: Video nzuri nyingi ni za Kiingereza na msemaji anakimbia. Wanafunzi wangu wanaishia kutazama picha.

Jibu: Zima sauti. Nasema hivyo kwa moyo wote. Picha iende, maneno yawe yako, kwa lugha wanayoifahamu na kwa mwendo wao. Utasimama unapotaka, utarudisha nyuma unapotaka. Ukimaliza, icheze mara ya pili bila sauti na mwite mwanafunzi aje awe mtangazaji. Hapo utajua nani ameelewa na nani anakariri, kwa sababu picha haimsubiri. Kama lengo lako ni Kiingereza chenyewe, basi punguza mwendo hadi 0.75 na uwape orodha ya maneno matano ya kusikiliza kabla ya kuanza.

Swali: Mimi nafundisha lugha. Nikirekodi sauti yangu niwatumie, itakula bando la wazazi kiasi gani?

Jibu: Kidogo sana, dada. Sauti ya mono kwa kilobiti 32 kwa sekunde ni kama kilobaiti 240 kwa dakika, yaani dakika tano ni megabaiti 1.2. Video ya dakika hizo hizo kwa kilobiti 1,500 kwa sekunde inafika megabaiti 56. Programu ya kurekodi sauti ya Audacity ni ya bure na inakuruhusu kuchagua kiwango hicho unapohifadhi. Kwa masimulizi, imla na mashairi, sauti ni bora kuliko video, maana mtoto analazimika kujenga picha mwenyewe.

Swali: Tulifungua kundi la WhatsApp la darasa, sasa limejaa salamu na matangazo. Tulifunge?

Jibu: Msilifunge. Badilisha mpangilio ili wasimamizi tu waweze kutuma. Tuma ujumbe mmoja kwa siku, saa ile ile, wenye kazi moja. Maswali yaje darasani au kwa mwalimu moja kwa moja. Lakini kuna jambo linalonisumbua zaidi ya salamu: kwenye kundi, kila mtu anaona namba ya kila mtu. WhatsApp yenyewe inataka mtumiaji awe na angalau miaka 13. Kwa watoto wadogo waunganishe wazazi, msiwaingize watoto, na kamwe msitume alama za mtoto au picha yake mbele ya kundi zima.

Swali: Wanafunzi wangu wanaleta insha zilizoandikwa na akili mnemba. Kuna programu ya kuwakamata?

Jibu: Zipo zinazojitangaza hivyo, lakini hukosea, na zinaweza kumtuhumu mtoto aliyeandika kwa jasho lake. Mimi siwezi kumwadhibu mwanafunzi kwa ushahidi wa namna hiyo. Mwite, mwombe akueleze aya yake ya pili kwa mdomo. Aliyeandika ataeleza hata kama anasitasita. Vilevile badilisha kazi yenyewe. Leta darasani jibu lililoandikwa na akili mnemba, liandike ubaoni, waambie kuna makosa mawili, wayatafute wakiwa na kitabu. Hakikisha umeyaona wewe mwenyewe kwanza. Nimewaona wanafunzi wakisoma kitabu kwa bidii kubwa ili kuishinda mashine kuliko walivyowahi kukisoma kwa ajili yangu.

Swali: Kukata video ya mtu na kuiwekea sauti yangu, si kosa?

Jibu: Inategemea leseni. Kwenye leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi huzitumia kuruhusu wengine waitumie, angalia herufi. BY pekee inakuruhusu kukata, kutafsiri na kusambaza mradi umtaje mwenyewe. Ukiona ND, usisambaze toleo ulilolibadilisha. NC inazuia biashara. Isipokuwa na leseni yoyote, ionyeshe kutoka pale ilipo badala ya kutengeneza nakala yako na kuirusha kwa watu.

Swali: Kile kitufe cha E, kwenye simu sikioni.

Jibu: Ni cha kompyuta. Kwenye simu, jioni kabla ya kipindi simamisha video kwenye sehemu nne au tano unazozitaka, piga picha ya skrini kila mara, kisha darasani uzionyeshe kwa kufuatana kama picha za kawaida. Kwa mada kama mbegu kuota mimi napenda njia hii kuliko video yenyewe, kwa sababu kati ya picha moja na nyingine unaweza kuwauliza: inayofuata itakuwaje?