Njia fupi ya msituni kwenye milima ya jangwani
Anza alfajiri. Kilomita 3 huonekana mchezo, lakini hewa ya jangwani ni kavu: jasho hukauka kabla hujaliona, ukadhani huna haja ya kunywa. Beba lita 2 za maji kwa kila mtu. Yakifika nusu, geuka, hata kama kilele unakiona.

Viatu viwe na soli yenye meno. Majani makavu ya msonobari, yale membamba kama sindano, yakitandaa juu ya mwamba huteleza kuliko matope, hasa unaposhuka. Fupisha hatua, kunja magoti kidogo.

Kivulini kuna baridi, kwa hiyo chukua sweta. Korongo kavu lisikudanganye: mvua iliyonyesha mbali huko juu hulijaza kwa dakika chache. Ukisikia ngurumo, shuka upesi kutoka kwenye kilele.