Programu isiyo na leseni: jinsi ya kuisambaza bila kumdhulumu mwenyewe

Hapa Mombasa programu nyingi hutufikia kwa flashi, kutoka mkono hadi mkono: ya kupiga hesabu ya ada za madrasa, ya kuweka daftari la duka, ya kuonyesha nyakati za maji kujaa na kupwa. Ukifungua folda utakuta programu yenyewe, pengine na faili ya maelezo yenye mistari minne, wala hakuna neno lolote kuhusu leseni, yaani ruhusa ya mwenyewe na masharti yake. Wengi hukichukulia kimya hicho kuwa ni ridhaa, kama kimya cha mwari anapoulizwa na walii wake. Katika hakimiliki kimya hakihesabiwi hivyo.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huiweka programu ya kompyuta katika kundi moja na kazi za maandishi, na ulinzi wake huanza pale tu inapoandikwa, bila mwandishi kulazimika kuisajili wala kutia alama yoyote. Haki ya kuinakili, kuirekebisha na kuisambaza ni yake maisha yake yote, kisha hubaki kwa warithi wake kwa miaka 50. Programu iliyotoka ng'ambo nayo imelindwa, kwa kuwa Kenya imo katika Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya kulinda hakimiliki, tangu mwaka 1993. Aliyeipata kihalali anaweza kujiwekea nakala ya akiba, lakini nakala hiyo ni yake yeye, si ya kugawa.

Kwa hiyo anza kwa kutafuta ruhusa mahali ambapo huenda imejificha. Soma mistari ya juu ya kila faili ya msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, soma faili ya maelezo hadi mwisho, kisha rudi kwenye tovuti ilikopakuliwa. Ukiikuta GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu huweka msimbo wao, usidhani kwamba kuwekwa hadharani kunatosha: masharti ya GitHub huwaruhusu watumiaji wengine kuitazama na kuinakili humo humo ndani ya GitHub, basi.

Hatua ya pili ndiyo inayosahauliwa zaidi, nayo ni kumjua mwenye mali hasa. Niliwahi kuwagawia walimu wenzangu wa Kisauni programu ya ada kwa ruhusa ya kijana aliyeiandika, nikiwa na hakika kwamba nimefuata njia iliyo sawa, kumbe aliiandika akiwa ameajiriwa. Kisheria, kazi iliyofanywa katika ajira ni ya mwajiri, na iliyoagizwa ni ya aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Ilinibidi nizifuate flashi zile moja moja nikiomba programu ifutwe, na aibu niliyoipata mbele ya watu walioniamini sijaisahau. Tangu siku hiyo, kabla ya swali lolote lingine, huuliza: "Uliiandika kwa ajili ya nani?"

Ukishamjua mwenyewe, mwandikie. Barua fupi yatosha:

"Assalaam alaykum, ndugu yangu. Mimi ni mwalimu wa kompyuta hapa Kisauni. Programu yako imetufaa sana, na ningependa kuwapa wenzangu nakala zake bila malipo. Je, waniruhusu? Na je, naweza kuirekebisha, kisha nikawapa hiyo iliyorekebishwa? Nao wakitaka kuwapa wengine, una ridhaa?"

Maswali hayo matatu usiyaunganishe, kwa sababu anayekubali moja huenda akakataa lingine. Sheria yetu hukubali ruhusa isiyo ya kipekee, yaani isiyomzuia mwenyewe kuwapa wengine pia, itolewe hata kwa mdomo, au ieleweke kutokana na vitendo vya mwenyewe; hata hivyo, neno la mdomo ni gumu kulithibitisha baada ya miaka mitatu, basi omba jibu la maandishi na uliweke ndani ya folda ile ile ya programu. Akiwa radhi kabisa, mwombe achague leseni inayojulikana, mathalani ya MIT, ambayo ni aya chache tu, ili atakayeipokea baadaye asilazimike kumtafuta tena.

Akikosa kujibu, usigawe nakala. Wape watu kiungo cha mahali alikoiweka mwenyewe, pamoja na maelezo yako ya namna ya kuisakinisha. Kama umerekebisha kasoro, toa kiraka peke yake, yaani mistari uliyoibadilisha, kila mtu akipachike kwenye nakala aliyoichukua kwa mwenyewe. Hata hapo kiraka kibebe maneno machache iwezekanavyo ya msimbo wa asili. Ndivyo walivyoishi kwa miaka mingi watumiaji wa qmail, programu ya barua pepe ya Daniel J. Bernstein: aliruhusu furushi la asili lisambazwe bila kubadilishwa, nao wakaviweka viraka vyao kando yake, mpaka mwaka 2007 alipoitangaza kuwa mali ya umma, yaani kila mtu huru kuitumia na kuisambaza.