Jinsi ya kutengeneza paneli ya kaboni faiba kama ya ndege, kwa vakyumu na oveni tu

Watu wakisikia kwamba karibu nusu ya uzito wa muundo wa ndege ya Boeing 787 ni kompositi (nyuzi kama za kaboni zilizoshikwa pamoja na gundi ngumu), na Airbus A350 imezidi hapo kidogo, wanadhani siri yote iko kwenye yale matanuri makubwa ya presha. Hapana aisee. Paneli inapona au inaharibika ikiwa bado mbichi mikononi mwako, ndo maana ntakaa sana kwenye hatua za mwanzo.

Unaanza na pripregi, yaani kitambaa cha kaboni ambacho kiwandani kimeshapakwa resini ya epoksi, ile gundi inayokuwa ngumu ikipikwa, kwa kipimo. Kama huna otoklevu, yaani lile tanuri la presha, tafuta ile iliyotengenezwa kwa ajili ya vakyumu (kunyonya hewa kwa pampu) na oveni, maana ile nyingine imezoea presha ya bar 6 au 7, ukiipika bila hiyo presha inatoka na vitundu vya hewa kibao ndani. Inatunzwa kwenye friza, nyuzi joto hasi 18, kwa sababu resini inaendelea kukomaa polepole ikiwa nje. Wengi wanakosea hapahapa: wanaitoa na kufungua mfuko papo hapo. Usifanye hivyo! Iache kwenye mfuko wake uliofungwa mpaka ifikie joto la chumba na pasiwe na umande hata kidogo nje ya mfuko, roli zima linaweza kula masaa mengi tu lakini subiri, maana ukifungua ikiwa baridi unyevu wa hewani unatua juu ya resini na ukija kupika yale maji yanageuka mvuke na mvuke ndo unaacha matundu. Na kila ikitoka friza andika imekaa nje muda gani, masaa yanajumlishwa, ukiirudisha hayaanzi upya.

Mpangilio sasa. Nyuzi za kaboni zina nguvu balaa kwa urefu wake, ila ukizivuta kwa upande unategemea resini peke yake, kwa hiyo tabaka lazima zipangwe kwa pembe tofauti. Mpango mzuri wa kuanzia ni tabaka 8, kwa digrii: 0, +45, -45, 90, halafu unarudi kinyumenyume 90, -45, +45, 0. Huko kurudi kinyumenyume ni lazima kabisa, kwa sababu paneli ikipoa nyuzi karibu hazisinyai ila resini inasinyaa, so nusu ya juu na ya chini zisipolingana paneli inatoka imepinda na hakuna namna ya kuinyoosha. Tabaka zikiwa na unene wa milimita 0.125 kila moja, unapata paneli ya milimita 1.

Safisha bamba la alumini unalolitumia kama kalibu, paka dawa ya kuzuia kunata, vaa glavu na usizivue, mafuta ya vidole ni adui wa gundi. Kila tabaka ina plastiki ya kubandua, zihesabu zote mwishoni, ikibaki moja katikati hautaiona na hapo tabaka zitaachana. Kila baada ya tabaka 3 au 4 funika kwa mfuko uvute hewa kwa pampu dakika 10 hadi 15 ili zikae sawa, hii hatua watu wanairuka sana na inanikera kwa kweli, maana hewa uliyoiacha hapo haitatoka yenyewe.

Juu yake weka filamu isiyonata, kisha kitambaa kinene cha kupitishia hewa, halafu mfuko wa nailoni uliozibwa pembeni kwa mkanda wa ulimbo. Mfuko uache mikunjo ya kutosha, ukiwa umekaza haufiki kwenye kona. Washa pampu, funga vali, angalia geji: dakika 5 isishuke zaidi ya milibari 30 hivi. Ikishuka tafuta panapovuja, usijipe moyo, maana huo mkandamizo wa hewa ni karibu tani 10 kwa kila mita ya mraba na ndo presha pekee uliyonayo.

Kupika fuata karatasi ya mtengenezaji. Nyingi za aina hii zinapikwa karibu na nyuzi joto 120, unapandisha nyuzi 1 hadi 3 kwa dakika, na kipima joto kikae kwenye paneli yenyewe sio hewani, kwa sababu bamba linachelewa kupata moto. Pampu iendelee hadi paneli ipoe chini ya nyuzi 60.

Ikitoka igonge kwa sarafu sehemu zote: mlio mkali uko poa, mlio mzito ujue tabaka zimeachana. Vitundu vidogo havisikiki hivyo, kipande cha kuruka na watu lazima kipimwe kwa mawimbi ya sauti na kipitie wakaguzi wa ndege. Ukikata vaa barakoa na weka kompyuta mbali, vumbi la kaboni linapitisha umeme. Ukitoboa weka ubao nyuma ili tabaka la mwisho lisipasuke. Na usiifunge moja kwa moja kwenye alumini, zikipata unyevu alumini inaliwa haraka sana, weka tabaka la faiba glasi katikati na utumie bolti za titani.