Kompyuta Mpakato au Kishikwambi: Jinsi ya Kuamua Kabla ya Kutoa Fedha

Mtu anayeingia katika duka la vifaa vya kielektroniki jijini Kampala, iwe ni Acacia Mall au katika maduka yaliyobanana ya katikati ya mji, huku akiwa na shilingi milioni nne au tano za kununulia kifaa kimoja kizuri cha kazi, hukutana na swali ambalo zamani halikuwapo. Kishikwambi kilikuwa cha kutazamia video na kusomea habari, na kompyuta mpakato ndiyo iliyofanyiwa kazi. Mwaka 2021 Apple iliweka ndani ya iPad Pro prosesa ya M1, ile ile iliyokuwa katika kompyuta zake, na tangu hapo hoja ya nguvu imekwisha, kwa kuwa kishikwambi cha daraja la juu kinaweza kuipita kwa kasi kompyuta ya kawaida iliyomo ofisini. Iliyobaki ni hoja ya kazi, nayo ndiyo ninayotaka kuieleza kwa kirefu, kwa sababu nimeona watu wengi, ndugu zangu wakiwemo, wakilipa fedha nyingi kwa kifaa kizuri ambacho hakikuwafaa.

Kabla ya kulinganisha bei, chukua karatasi uandike kila kazi uliyoifanya kwa kompyuta au simu wiki iliyopita, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, na mbele ya kila kazi uandike jina la programu uliyoitumia. Usiandike kazi unazotamani kuzifanya siku moja. Kisha izungushie duara kazi ile moja ambayo ikikwama unakosa malipo, au mwajiri wako anakupigia simu. Kifaa kinunuliwe kwa ajili ya kazi hiyo, hata kama inafanyika mara moja tu kwa mwezi, kwa maana barua pepe, mikutano ya video na usomaji wa magazeti hufanyika vizuri kwenye kifaa chochote cha bei hiyo.

Shemeji yangu ni mhasibu wa shule ya sekondari huko Mbale. Alinunua kishikwambi kizuri pamoja na kibodi yake, na kwa wiki tatu alikuwa na furaha tele, mpaka ilipofika siku ya kujaza fomu moja ya Excel ambayo hujazwa kila mwezi na ambayo, baada ya kujazwa, lazima ibonyezwe kitufe cha kuhakiki ndipo itoe faili la kutumwa. Nilikuwa nimekaa naye mezani jioni hiyo. Faili lilifunguka, namba zote zilionekana mahali pake, rangi za safu zilikuwa sawasawa. Akagusa kitufe, kikanyamaza. Akagusa tena, kikanyamaza. "Shemeji, mbona hiki hakijibu?" akaniuliza. Hakikuwa kibovu. Kitufe hicho huendeshwa na makro, yaani maagizo madogo yaliyoandikwa ndani ya faili lenyewe, na Excel ya vishikwambi, ya iPad na ya Android pia, huonyesha faili hilo lakini haiendeshi makro zake. Usiku ule alikwenda kuazima kompyuta kuukuu ya karani wa shule. Muuzaji hakumdanganya alipomwambia kwamba Excel ipo, kwani kweli ilikuwapo. Swali lililostahili kuulizwa dukani ni kama faili lake lenyewe, lile gumu kuliko yote, lingefanya kazi mpaka mwisho.

Jambo hili haliwahusu wahasibu peke yao. Mtafiti anayechambua takwimu kwa Stata au SPSS hatapata programu hizo kwenye kishikwambi. Mhandisi atakuta AutoCAD, programu ya michoro ya kihandisi, kwenye vishikwambi ni toleo lililopunguzwa, na ile kamili inahitaji kompyuta. Anayeelekea kununua MacBook, kompyuta mpakato ya Apple, naye asidhani yuko salama moja kwa moja, maana Excel ya Mac huendesha makro lakini haikubali vitufe vya aina ya ActiveX, ambavyo bado vimo katika fomu nyingi za zamani. Ikiwa duara lako limeangukia kazi kama hizi, hutakuwa na mengi ya kufikiria: nunua kompyuta mpakato, na kama fomu zako ni za kizamani, nunua ya Windows.

Kwa upande mwingine, zipo kazi ambazo kompyuta mpakato hata ya bei kubwa huzifanya kwa taabu. Sensa ya watu na makazi ya mwaka 2024 hapa Uganda ilifanywa kwa vishikwambi, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu karani wa sensa anayesimama mlangoni mwa nyumba hana meza. Wanaokusanya takwimu vijijini kwa KoboCollect au ODK Collect wako katika hali hiyo hiyo. Hapa niwatahadharishe: programu hizo mbili ni za Android, wala hazina toleo la iPad, kwa hiyo anayenunua iPad Pro kwa ajili ya kazi ya nyanjani atakuwa amelipa mara tatu kwa kifaa kinachomlazimisha kujaza fomu kupitia kivinjari. Tena kazi hiyo haihitaji kishikwambi cha gharama ya juu hata kidogo. Cha wastani chenye betri nzuri na kava gumu kinatosha.

Kishikwambi cha daraja la juu kinastahili bei yake pale mkono unapohitajika: kuchora, kusahihisha maandishi kwa kalamu, kutia saini, kuonyesha ramani ya jengo mbele ya mafundi, kusahihisha kazi za wanafunzi bila kuchapisha karatasi hata moja. Mimi ni mfasiri, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusoma upya maandishi yaliyokwisha kufasiriwa. Ndani ya basi la kwenda Arua, kiti cha mbele kinapolazwa, mfuniko wa kompyuta mpakato haufunguki hata nusu. Kishikwambi hukaa mapajani kama daftari, na kwa kalamu nimewahi kumaliza kurasa thelathini kabla ya kufika daraja la Karuma. Lakini ninapofasiri hati yenyewe, nikiwa na matini asilia upande mmoja, tafsiri upande wa pili na orodha ya istilahi chini, hurudi kwenye kompyuta. Mfumo wa iPadOS 26, uliotoka Septemba 2025, umeruhusu madirisha yapangwe kwa uhuru zaidi, nami naukubali kuwa hatua kubwa. Hata hivyo, kwa siku nzima ya kuandika na kuhamisha mafaili kutoka folda moja hadi nyingine, bado sijaona kishikwambi kinachonichosha kidogo kuliko kompyuta.

Sasa tuje kwenye bei, na hapa ndipo wengi hujidanganya, kwa sababu hulinganisha kompyuta iliyokamilika na kishikwambi kitupu. Tutumie bei za Marekani kabla ya kodi, ambazo zinajulikana. MacBook Air ya inchi 13 yenye prosesa ya M4 ilianza kuuzwa Machi 2025 kwa dola 999. iPad Pro ya inchi 13 yenye M4, iliyotoka Mei 2024, ilianzia dola 1,299. Kibodi yake ilikuwa dola 349 na kalamu dola 129, jumla dola 1,777. Ukikadiria dola moja kwa shilingi 3,600, kompyuta ni takriban shilingi milioni 3.6 na kishikwambi chenye vifaa vyake ni takriban shilingi milioni 6.4, kabla hujagusa kodi, usafirishaji na faida ya mwenye duka. Uzito nao unashangaza. Kishikwambi hicho peke yake hakifiki gramu 600, lakini kikivishwa kibodi yake kinakaribia kilo moja na robo, ambao ndio uzito wa MacBook Air. Samsung ina nafuu kidogo katika hili, kwa maana Galaxy Tab S10 Ultra huja na kalamu ndani ya boksi, inastahimili maji na vumbi kwa kiwango cha IP68, na ina nafasi ya kadi ya kuongezea hifadhi, ijapokuwa kibodi bado unainunua mwenyewe. Basi andika kwenye ile karatasi bei ya kifaa pamoja na kila kitu utakachokihitaji ili ile kazi ya duara ifanyike: kibodi, kalamu, kava, kiunganishi cha HDMI kwa ajili ya projekta. Ukiona jumla ya kishikwambi imeipita kompyuta kwa zaidi ya milioni moja, na duara lako ni la kuandika, hapo unalipia urembo.

Umeme ni jambo ambalo miongozo iliyoandikwa mbali na sisi haiuzingatii, nasi tunaishi nao. Betri ya MacBook Air niliyoitaja ni ya takriban saa-wati 54 (kipimo cha umeme unaotunzwa na betri), na ya iPad Pro ya inchi 13 ni takriban saa-wati 39. Pawabenki ya mAh 20,000 huwa na takriban saa-wati 74 kwa maandishi, lakini sehemu ya umeme huo hupotea njiani, na ukihesabu kwamba kama theluthi moja haitafika, zinabaki saa-wati 50 hivi. Hizo zinakijaza kishikwambi mara moja na kuacha akiba ya simu, ilhali kompyuta haifiki kujaa yote. Zaidi ya hapo, kishikwambi hukubali chaja yoyote ndogo ya USB-C, pamoja na ile ya sola yenye nguvu ya kadiri, lakini kompyuta nyingi za Windows za daraja la juu hutaka wati 45 au 65, na zikipewa chini ya hapo huchaji polepole mno au hukataa. Anayefanya kazi mahali ambapo umeme hukatika kwa saa nyingi ahesabu hili mapema, kwa sababu linaweza kugeuza uamuzi wote.

Suala la intaneti halihitaji maelezo marefu. Kishikwambi chenye nafasi ya laini au eSIM (laini isiyo na kadi) hukuondolea kazi ya kuwasha hotspot ya simu kila mara, na kompyuta nyingi hazina nafasi hiyo. Ikiwa simu yako ina betri nzuri, tofauti hii haistahili kulipiwa mamia ya dola.

Kuhusu kudumu na kutengenezeka, nina msimamo. Kishikwambi kimegandishwa kwa gundi, kioo chake ndicho mwili wake, na kikianguka kutoka kwenye bodaboda gharama ya kioo inaweza kukufanya utafute kingine. Kompyuta nyingi za Windows za biashara, kama ThinkPad, hufunguliwa kwa bisibisi, na fundi mzuri hubadilisha betri, kibodi au diski ya SSD siku hiyo hiyo. MacBook haifunguki kirahisi hivyo, na hifadhi yake huwezi kuiongeza baadaye, kwa hiyo nunua ya kutosha tangu mwanzo. Kwa anayetaka kifaa cha miaka sita, mimi hushauri kompyuta.

Kuna wanaouliza kuhusu vile vilivyo katikati, hasa Surface Pro, ambayo ni kishikwambi kinachoendesha Windows kamili. Kwa mhasibu mwenye safari nyingi ni chaguo la haki, mradi akumbuke kwamba kwa kawaida kibodi huuzwa kando, na kwamba matoleo ya mwaka 2024 yenye prosesa ya Snapdragon hayakubali baadhi ya programu za zamani na vichapishi vya zamani. Ajaribu kwanza.

Wengi wetu hatununui kifaa kipya bali kile kilichotumika Uingereza au Dubai, na hakuna aibu katika hilo, kwani ThinkPad ya miaka mitatu inaweza kuwa bora kuliko kompyuta mpya ya bei hiyo hiyo. Nenda mchana, ukiwa na flashi yenye lile faili lako gumu. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itakuonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa, na ikiwa umeshuka chini ya asilimia 70, bei nayo ishuke. Kwenye MacBook, tazama idadi ya mizunguko ya betri (mara ilizojazwa na kutumika yote) katika taarifa za mfumo. Apple huzikadiria betri za miaka ya karibuni kwa mizunguko 1,000. Kwenye iPad, hatari kubwa ni akaunti ya iCloud ya mwenye kifaa wa kwanza, na kwenye kompyuta zilizotoka makampunini ni usimamizi wa kampuni uliobaki ndani yake, yaani programu ya kukidhibiti kifaa kwa mbali, na vyote viwili vinaweza kukufungia kifaa baada ya kukiunganisha na intaneti.

Kwa sababu hiyo usiridhike na kifaa kinachowaka. Mwombe muuzaji akirudishe katika hali ya kiwandani mbele yako, kiunganishe na hotspot ya simu yako mwenyewe, ingia kwa akaunti yako, na ufuate hatua zote mpaka ukurasa wa mwanzo utokee. Kisha chomeka flashi, fungua faili, ubonyeze kile kitufe. Kikijibu, linganisha namba ya utambulisho ya kifaa (serial number) iliyomo kwenye mipangilio na ile iliyo nyuma yake au kwenye boksi, hakikisha imeandikwa kwenye risiti pamoja na muda wa waranti, ndipo utoe fedha.