Unataka nyumba ya kale ya Shela "iliyokarabatiwa"? Soma hii kabla hujatuma hela

Kila mwaka kaskazi ikianza kuvuma naanza kutumiwa picha. Binamu yangu yuko Muscat, kuna jamaa yuko Nairobi, kuna dada mmoja yuko Uingereza, wote swali moja, ati "nimeona nyumba Shela, ya mawe, ya miaka mia tatu, imekarabatiwa, bahari iko mlangoni, nichukue?" Picha zenyewe wallahi zinaua, ukuta mweupe, zidaka (vile vishubaka vya ukutani), mlango wa kuchonga, dau linapita nyuma. Mimi nimekulia kwa fundi wa chokaa, mjomba wangu, nimebeba karai tangu niko darasa la tano, kwa hiyo nikiona neno "imekarabatiwa" swali langu la kwanza ni moja tu, kwa kutumia nini?

Lakini tuanze na hilo la ukale, manake hapa watu wanauziwa hadithi. Shela hapa Lamu ni kijiji cha zamani kweli, wazee wanasema watu wake walivuka kutoka Takwa, kule kisiwa cha Manda, na msikiti wa Ijumaa pale ni wa 1829. Ila nyumba nyingi unazoziona sasa zimejengwa juzi juzi tu kwa mtindo wa zamani, na si vibaya, nyingine ni nzuri kuliko za kale, tatizo ni ukilipishwa bei ya kale. Njia rahisi ya kujua ni upana wa vyumba. Nyumba ya zamani dari yake imeshikwa na boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali, ni kama mita mbili na nusu hadi tatu, ndo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba, msana (ukumbi mrefu mwembamba) baada ya msana halafu chumba cha ndani. Ukiingia ukakuta sebule pana kama ukumbi wa harusi basi ama nyumba ni mpya ama kuna ukuta umetolewa pakawekwa zege au chuma. Muulize anayeuza ukuta ulikuwa wapi, na uangalie uso wake. Halafu angalia unene wa kuta pale kwenye dirisha, angalia pembe kama zimenyooka sana (za kale hazinyooki, zina maungo yao), na zidaka, za kale zimechongwa kwa chokaa, ukigusa unasikia mkono wa mtu, za simiti zina makali na zote zinafanana.

Sasa ukuta. Hapa ndo pesa yako inapopotelea. Hizi nyumba ni za jiwe la matumbawe na mawe ya kuchimba, mengi yanatoka Maweni upande wa Manda, na jiwe hili linavuta unyevu kutoka chini na chumvi inakuja nayo. Ukipiga chokaa maji yanapanda yanatoka nje taratibu, ukuta unakauka, kila miaka kadhaa unapaka tena, maisha yanaendelea. Ukipiga simiti umeziba. Maji hayana pa kutokea, chumvi inagandia nyuma ya plasta, inavimba, inasukuma, baada ya misimu miwili mitatu ya mvua plasta inadondoka vipande na jiwe la ndani limekuwa unga. Na kontrakta wa kutoka bara anapenda simiti kwa sababu inakauka haraka na anataka kuondoka. Mwaka wa kwanza huoni chochote, ndo mwaka wanaopiga hizo picha.

Kwa hiyo ukienda kukagua gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, chumba hadi chumba, hasa kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Ukisikia uvungu, plasta imeachia. Angalia unga mweupe kama chumvi ya mezani. Angalia kama kuna kabati au zulia limesimamishwa mahali ambapo halina kazi, livute. Rangi ya plastiki juu ya chokaa nayo ni dalili mbaya, inafanya kazi ileile ya simiti, inaziba. Ukiweza mwambie fundi wako akwangue mahali padogo pasipoonekana, ukiona kijivu umepata jibu. Simiti kidogo haiui nyumba, msinielewe vibaya, ila kuitoa na kurudishia chokaa ni kazi ya miezi na hiyo unaipunguza kwenye bei.

Boriti zinaoza pale zinapoingia ukutani, si katikati. Katikati zitakuwa zimepakwa rangi vizuri zinang'aa, wewe chukua bisibisi uchome pale mwisho zinapokutana na jiwe, na hasa chini ya choo cha juu na chini ya paa la wazi. Ikizama kama ndizi, hiyo imekwisha. Mchwa nao wanaacha vijia vya udongo, fuata. Kubadilisha boriti moja moja inawezekana, mafundi wanajua, ila usidhani unaingia tu mikokoni unakata, kuna vibali, na 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti hata mikoko iliguswa, wajenzi hapa walilia mpaka Lamu ikaruhusiwa tena. Ukikuta zege badala ya boriti, tafuta michirizi ya kutu kwenye dari, chuma kikiliwa na chumvi kinavimba kinapasua zege na hapo hakuna kubembeleza. Makuti juu ni baridi na yanapendeza, lakini yanabadilishwa kila baada ya miaka michache na moto yanaupenda, uliza yamewekwa lini.

Ya bahari watu wananicheka nikisema, lakini usinunue nyumba ya mbele bila kuiona wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Dalali atakuleta wakati wa maji mafu, yale yasiyojaa sana, au maji yametoka, mchanga mpana watoto wanacheza mpira, unaona umefika peponi. Rudi bamvua maji yamejaa, pale mbele ya Shela watu wanapita njia ya ndani kwa sababu ya pwani imefunikwa. Angalia maji yanafika wapi kwenye ukuta, uliza ule ukuta wa kuzuia mawimbi umejengwa na nani na unatengenezwa na nani, manake mara nyingi jibu ni "wewe". Na ukiweza njoo wakati wa kusi, mwezi wa tano au wa sita, mvua imepiga, bahari imechafuka, nyumba imefungwa miezi. Nyumba isiyonuka uvundo mwezi wa sita hiyo nunua ukiwa umefumba macho. Sawa, jicho moja.

Maji ya kunywa, onja. Sitanii, onja kwenye bomba. Shela inaishi kwa maji matamu yaliyo chini ya vile vilima vya mchanga, na kadiri nyumba na mabwawa ya kuogelea yanavyoongezeka visima vingine vinageuka vya chumvi. Kama kuna birika au tangi la mvua, lifunguliwe ulione. Na uliza shimo la choo liko hatua ngapi kutoka kisimani, chako na cha jirani.

Haya, makaratasi. Nyumba mbovu inatengenezeka, karatasi mbovu utaihamisha kwa watoto wako.

Jambo la kwanza ni warithi. Nyumba ya zamani haina mwenyewe mmoja, ina ukoo. Babu kafa 1960, haikugawanywa, wana wamekufa, wajukuu wako Mombasa, Jeddah, Toronto, na anayekuonyesha nyumba ni yule mmoja aliyebaki na ufunguo. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado hana haki ya kuuza peke yake. Na kwetu desturi ilikuwa baba anamjengea binti au anamuongezea ghorofa akiolewa, kwa hiyo chini inaweza kuwa ya dada mmoja na juu ya mwingine, na ukiona wikio limevuka njia limeunganisha nyumba mbili uliza kile chumba cha juu ni cha nani. Najua mtu alilipa, akahamia, akapaka rangi, mwaka wa pili akaja shangazi kutoka Zanzibar na sehemu yake mkononi. Hakuwa mwongo yule mama. Taka uone uamuzi wa mirathi, wa Kadhi au wa mahakama, majina yote, na kila mmoja asaini au atoe wakala kwa maandishi. Mume au mke wa muuzaji naye atoe idhini.

Pili, uliza kama ni wakf, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu. Kama iliwekwa wakf haiuzwi, hata wakae kikao familia nzima. Tatu, pwani tuna mambo ya nyumba bila ardhi, mtu anamiliki jengo na uwanja ni wa mwingine, kwa hiyo hati ya ardhi lazima ionekane na wakili wako (wako, si wa dalali) afanye sachi ofisi ya ardhi, aone imeandikwa jina la nani, na apeleke sevea, mpima ardhi, kulinganisha mipaka. Karatasi ya mauziano ya zamani ya herufi za Kiarabu ni kumbukumbu nzuri, peleka ikasomwe, ila haitoshi peke yake.

Kama si raia wa Kenya, katiba ya 2010 inakupa miaka isiyozidi 99 tu, hakuna milele, na kujificha nyuma ya kampuni hakusaidii kama hata hisa moja si ya raia. Ardhi ya safu ya kwanza na ya pili kutoka maji yanapojaa nayo inataka ruhusa ya waziri kwa asiye raia. Hii nawaambia hasa ndugu zangu wa Ghuba, ukiacha uraia wa Kenya ukachukua wa huko, kisheria wewe ni mgeni hata kama babu yako amezikwa hapo hapo Shela. Uraia pacha ni sawa, ulioachwa umeachwa.

Gharama za kununua: ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, kwa thamani ya mthamini wa serikali, na usijiamulie mwenyewe kwamba kwa kuwa hakuna magari basi ni shamba. Kodi ya faida, asilimia 15, ni ya muuzaji, usibebeshwe wewe. Amana ya asilimia 10 ikae kwa wakili. Bei ikitajwa kwa dola au euro, taka itajwe na kwa shilingi, utaona watu wanavyokohoa.

Halafu ujue kila mfuko wa chokaa unakuja kwa mashua na unamalizia kwa punda, kwa hiyo ukipiga hesabu ya ukarabati kwa bei ya Mombasa umejidanganya. Ukinunua mji wenyewe wa Amu, yaani mji mkongwe wa Lamu, ule ni urithi wa dunia tangu 2001, hugusi kitu bila watu wa makumbusho, na hata Shela usibomoe ukuta kabla hujauliza kaunti. Wala usipandishe ghorofa likachungulia ua wa ndani wa jirani, hilo hata ukipewa kibali hutasalimiwa.

Binamu yangu wa Muscat yuko kwenye ya nne sasa. Tatu za kwanza moja ilikuwa simiti tupu, moja wakf, moja warithi kumi na saba. Hii ya nne ina boriti mbili mbovu chini ya choo na hati safi, nimemwambia asubiri bamvua ijayo niende nikaangalie maji.