Injini ikizima baada ya kuruka: namna ya kugusa wenzo wa nguvu

Nawaandikia hasa vijana waliotoka chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, na sasa wanaingia simuleta ya ndege kubwa. Kurusha mnajua. Kinachowaponza ni kuharakisha mkono kwenye wenzo wa nguvu, yaani mpini unaosukumwa mbele kuongeza nguvu ya injini na kuvutwa nyuma kuipunguza.

1. Rusha ndege kwanza. Injini ya kushoto ikizima, pua inavutwa kushoto. Kanyaga pedali ya kulia hadi inyooke. Linda spidi. Entebbe iko takriban mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini moja hupandisha ndege taratibu.

2. Kunja magurudumu, nyamazisha kengele.

3. Subiri angalau futi 400 kutoka ardhini, au kimo kilichowekwa na shirika lako.

4. Sasa wenzo wa injini iliyozima. Kama ndege ina mfumo unaosogeza nyenzo zenyewe, uzime kwanza, usije ukarudisha mbele ulichovuta. Someni geji wote wawili, kila mmoja kwa macho yake. Anayerusha aweke mkono juu ya wenzo na kutamka: "Namba moja?" (injini huhesabiwa kuanzia kushoto). Mwenzake atazame geji, kisha mkono, kisha ajibu: "Namba moja, sawa." Asipojibu, usivute, hata kama wewe ndiye kapteni.

Taipei, Februari 2015, injini ya pili ya ndege ya abiria ATR 72 ilipoteza nguvu baada ya kuruka. Kapteni akarudisha wenzo wa injini ya kwanza, iliyokuwa nzima. Watu 43 walikufa.

Vuta polepole huku ukitazama geji. Ukiona nguvu ya injini nzima inashuka, rudisha mbele papo hapo. Na mtetemo ukipungua, usichukulie kwamba umepatia. Uingereza, Januari 1989, marubani wa Boeing 737-400 walipunguza nguvu ya injini ya kulia, na moshi na mtetemo vikapungua. Mbovu ilikuwa ya kushoto. Walikufa 47.

Injini ikipiga mishindo bila moto, vuta hadi mishindo ikome na geji zitulie, basi acha hapo. Huenda bado ina nguvu ya kukusaidia. Mimi napendelea mwenzangu akinge wenzo wa injini nzima kwa kiganja muda wote huo, ingawa wakufunzi wengine huona mkono huo unabana nafasi.

5. Kukata mafuta na kuvuta kishikio cha moto (cha kutenga injini inayowaka): gusa, tamka, ngoja jibu, vilevile.

6. Fungua orodha ya ukaguzi, waarifu waongozaji ndege wa Entebbe.