Somo: Draiva ipi iingie ndani ya keneli, ipi ibaki moduli

Wakuu, anayekompaili keneli (kiini cha mfumo) ya Linux mwenyewe hukwama kwenye menuconfig, menyu ya kuchagua vitakavyoingia kwenye keneli: hapa niweke nyota au M? Ukiweka nyota, draiva (programu inayoendesha kifaa) inakuwa sehemu ya keneli yenyewe na hupanda nayo kwenye memori kila mashine inapowaka. Ukiweka M, inakuwa moduli, yaani faili la pembeni linalokaa kwenye /lib/modules mpaka lihitajike.

Hatua ya 1. Piga `lspci -k`. Chini ya kila kifaa utaona draiva inayokihudumia. Yaandike majina hayo.

Hatua ya 2. Hapa tulia. Keneli ikishawaka, lazima ifungue diski yenye mfumo, na moduli zako zimo humo humo. Ukiipa ext4 (mfumo wa faili wa diski) M na huna initramfs (kifurushi kidogo cha faili kinachopakiwa pamoja na keneli), keneli itakuwa inaitafuta ext4 ndani ya diski isiyosomeka bila ext4! Mashine itagoma na kuandika "VFS: Unable to mount root fs". Kwa hiyo draiva ya diski (mfano nvme) na ya mfumo wa faili zipe nyota. Mwenye initramfs anaweza kuweka M, kwa kuwa moduli hizo hubebwa humo. Debian hufanya hivyo kwa ext4.

Hatua ya 3. Waifai, sauti, kamera, vyote M. Draiva ikizingua unaitoa kwa `modprobe -r` na kuirudisha bila kuzima mashine. Yenye nyota haitoki. Ukitumia `make localmodconfig` ikuchagulie draiva, chomeka kwanza vifaa vyako vyote, maana huacha nje moduli zisizokuwa kazini wakati huo.

Hatua ya 4. `make`, kisha `make modules_install`, kisha `make install`. Ya katikati usiiruke kamwe.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nyota inaongeza kasi?*
Kwa matumizi ya kawaida hutaona tofauti, usichague kwa kigezo hicho. Faida ninayoiheshimu ni ya usalama: kwenye seva unaweza kuweka nyota kila unachohitaji, ukazima CONFIG_MODULES (chaguo linaloruhusu moduli), na hapo hata mwenye ruti (mamlaka yote ya mashine) hawezi kupakia moduli ngeni.

*Kaka, waifai nimeipa nyota, haiwaki. Nikiweka M inawaka. Kwa nini?*
Kadi nyingi za waifai zinahitaji faili la femuwea (programu ya ndani ya kadi yenyewe) kutoka /lib/firmware. Draiva yenye nyota huanza kulitafuta kabla diski haijafunguliwa, halioni, inakata tamaa. Baki na M. Ukitaka nyota kwa lazima, taja faili hilo kwenye CONFIG_EXTRA_FIRMWARE ukompaili upya.